Upande wa Jenipher

Katesh,
14 Julai 2024

Conso wangu,

Mambo? Sitaandika zile salamu ndefu tulizofundishwa shule ya msingi, maana Mama Alois amesimama nje ya uzio wa shule na furushi lake la mitumba, anatoka mnadani, ananiambia, "Binti, andika upesi, gari la Babati halinisubiri mimi." Kwa hiyo naandika nimechuchumaa, karatasi iko juu ya goti. Dokta Edda wetu wa mazoezi angeniona nilivyojikunja angepiga kelele.

Nimepata janga. Ile karatasi ya mazoezi niliyopewa hospitali imefuliwa. Niliiacha kwenye mfuko wa sketi, nikailoweka na sabuni ya unga, ikatoka kama uji. Nimeianika, haisomeki kitu. Kichwani nimebaki na mazoezi mawili, na hata hayo sina hakika nayo.

Tafadhali ninakilie ya kwako. Si tulifanya yaleyale? Likizo nzima ya Juni tulikaa mkeka mmoja tukitazamana, magoti yanakaribia kugusana, ukiinua mkono nami nainua, kama mtu na kioo chake.

Hapa shuleni hakuna anayejua kwamba mgongo wangu umepinda. Navaa sweta hata saa saba mchana. Mwaka jana kulikuwa na msichana mwenye pumu. Matron alipojua, alimwandikia barua akae nyumbani mpaka apone. Hajarudi hadi leo. Kwa hiyo niapie, Conso: mtu yeyote wa shule yangu asijue.

Na ile picha ya eksirei ya mwisho wa Septemba naiwaza kila siku. Ulimsikia daktari wa mifupa alivyosema mbele ya baba: mgongo ukiwa umezidi kupinda, napelekwa kuwekewa vyuma. Tangu siku ile baba ananiangalia kama mtu anayeniaga.

Mama Alois anapiga uzio kwa fimbo. Kwaheri.

Rafiki yako wa mkeka,
Jenipher Marcelino


Nangara, Babati,
21 Julai 2024

Mpendwa Jenipher,

Barua yako nimeipata kwa Mama Alois sokoni, ikiwa imekunjwa ndani ya soksi ya mtoto. Sisi hapa nyumbani ni wazima. Mama anakusalimu na anauliza kama baridi ya mlimani imepungua.

Nimekunakilia karatasi yote. Maelezo nimeandika kwa kalamu ya bluu, na kila mahali ambapo Dokta Edda alipigia mstari nimetumia nyekundu. Nilikaa nayo tangu baada ya misa mpaka mama akaniita nichambue maharage. Naomba uisome taratibu, hasa zoezi la kwanza, ambalo Dokta alisema ndilo mama wa mengine yote: *Lala kwa ubavu wa kulia. Weka kifuko chini ya mbavu. Nyoosha mkono wa kushoto juu ya kichwa. Vuta pumzi, uipeleke kwenye ubavu wa kushoto mpaka uhisi mbavu zinafunguka.*

Unakumbuka alivyokuwa anatukanda kwanza ile misuli iliyokaza, halafu anatuwekea kiganja ubavuni na kusema, "Pumulia mkono wangu, usipumulie dari"? Hapa mama ndiye ananiwekea mkono. Kiganja chake kigumu kwa jembe, lakini ameshajua mahali. Wewe huko huna mtu wa kukuwekea, nami nimelifikiria sana jambo hilo. Ndiyo maana mama amekushonea vifuko viwili vya kitenge na kuvijaza maharage. Ukilalia kimoja, kile kingine kiweke juu ya ubavu ulio wazi, ukisukume kwa pumzi kama vile ni mkono wa Dokta.

Dokta Edda alituambia kwamba karatasi hizi si notsi za kuazimana. Nadhani alikuwa anawasema watu ambao hawakufundishwa. Sisi tumefundishwa pamoja, kwa hiyo sioni kosa.

Kuhusu siri yako, naapa. Mimi mwenyewe sijawahi kuvua sweta shuleni, na Babati haina baridi kama huko kwenu.

Fanya asubuhi na jioni, Jenipher. Septemba si mbali.

Wako katika matumaini,
Consolata Paskasi


Katesh,
4 Agosti 2024

Conso,

Mwalimu wangu wa mwandiko! Ile karatasi ni nzuri kiasi kwamba naogopa kuishika. Nimeificha ndani ya kitabu cha Jiografia, ambacho hakuna mtu atakayeniomba.

Mazoezi nafanyia kwenye chumba cha viti vibovu nyuma ya maktaba. Rosalia, anayelala kitanda cha chini yangu kwenye dabodeka, ameona natoroka kila asubuhi kabla ya paredi na kurudi natokwa jasho, akatangaza bwenini kwamba naenda kusali rozari nzima kwa magoti. Sasa wananiita Sista. "Sista, tuombee tupate nyama Jumapili." Nawaambia nimeshawaombea, Mungu anasema wapunguze umbea kwanza.

Nina swali moja. Ni kweli kulia? Ubavu wa kulia ndio nilalie? Nikilala hivyo najisikia kama gunia lililofungwa vibaya, na chini ya bega kuna kitu kinavuta. Kule hospitali sikumbuki kuvutwa hivi. Angalia tena, tafadhali, halafu unijibu.

Mwambie mama asante kwa vifuko. Vinanukia nyumbani.

Jenipher (Sista)


Nangara, Babati,
11 Agosti 2024

Mpendwa Jenipher,

Nimeangalia. Ni kulia. Nimeitazama karatasi yangu asubuhi na tena jioni, na neno ni hilohilo, limepigiwa mstari na Dokta Edda mwenyewe. Hawezi kukosea jambo kubwa kama hilo.

Huko kuvutwa usikuogope. Mimi pia mwanzoni nilivutwa. Misuli inazoea. Vumilia, Jenipher. Ukiacha kwa sababu ya maumivu kidogo, Septemba tutajuta wote wawili. Nasema hivi kwa kukupenda.

Hapa nimepewa kazi mpya. Mlezi wa Utoto Mtakatifu, chama cha watoto wa parokia, anauguza, kwa hiyo mimi ndiye nitakayewafundisha kucheza kwa ajili ya sikukuu ya parokia. Nimemwambia Paroko siwezi kusimama mbele za watu. Akasema, "Watoto si watu, ni malaika wenye kelele."

Wako,
Consolata


Katesh,
25 Agosti 2024

Conso,

Naendelea vizuri sana. Nafanya asubuhi na jioni, kulia kama ulivyosema. Usiwe na wasiwasi wowote.

Barua ni fupi kwa sababu naandika nimelala kifudifudi, na mwandiko unapanda milima kama unavyoona.

Jenipher


Nangara, Babati,
1 Septemba 2024

Jenipher,

Acha zoezi la kwanza. Acha yote. Utakapoisoma barua hii natumaini utakuwa umeshaambiwa, na utakuwa umenikasirikia, lakini naomba usome mpaka mwisho.

Leo baada ya misa ya pili nilikuwa kwenye ukumbi wa parokia na watoto. Nilisimama mbele yao nikawaambia, "Mkono wa kulia juu!" nikainua wa kwangu. Wakaniangalia, wakainua wa kushoto wote. Nikasema, "Kulia!" Wakainua tena kushoto, kwa nguvu zaidi. Marietha, yule mdogo asiye na meno ya mbele, akaniambia, "Dada Conso, sisi tunafanya kama wewe. Mkono wako huo uko upande huu." Akanionyesha kwa kidole.

Nikajaribu kuwaeleza, wakachanganyikiwa. Mwisho nikafanya kitu ambacho sijawahi kufanya mbele ya mtu: nilivua sweta kwa sababu ya joto, nikawageuzia mgongo ili mikono yetu ielekee upande mmoja. Tukacheza. Nilipotazama nyuma, karibu nusu yao walikuwa wameinamisha bega moja kama langu. Walidhani ndiyo staili.

Nilicheka, kisha nikasimama katikati ya wimbo. Nilikuona wewe, Jenipher, kwenye mkeka mbele yangu. Tulitazamana. Mkono wangu wa kushoto ulipopanda, wa kwako uliopanda upande uleule ulikuwa wa kulia. Hatukuwa tunafanya yaleyale. Mgongo wangu umepindia kulia, wa kwako kushoto. Dokta alikuwa anatufundisha kila mtu lake, na sisi tukaona kioo.

Nilikimbia nyumbani. Mama Alois haendi Katesh mpaka mnada ujao, na mimi sikuweza kukaa. Niliingia jikoni, nikatoka, nikaingia tena, mpaka mama akasema, "Wewe mtoto, kaa au sema." Nikasema yote. Namba ya baba yako hatuna. Ya shule mama aliipata kwa Mama Alois, akapiga, akaongea na mwalimu wa zamu.

Niliapa, na kiapo nimekivunja. Nilipima kati ya siri yako na mgongo wako, nikachagua mgongo. Uliniuliza kama ni kulia. Uliniuliza kabisa, na mimi nikakujibu uvumilie.

Consolata


Katesh,
8 Septemba 2024

Consolata Paskasi,

Nakuita jina lako lote kama alivyoniita mimi mwalimu wa zamu. Jumatatu, chakula cha mchana, bwalo limejaa, alisimama mlangoni akasema kwa ile sauti yake ya ibada: "Jenipher Marcelino! Mama Consolata wa Babati anasema usilalie upande wa kulia. Mgongo wako umepindia upande mwingine." Halafu akarudia, kwa ajili ya waliokaa nyuma.

Shule nzima, Consolata. Hata mpishi aliacha kugawa.

Unajua nilivyokuwa naumia? Nilikuandikia naendelea vizuri kwa sababu ulisema vumilia, na sikutaka uniite mvivu. Nilidhani maumivu ndiyo ada ya kunyooka. Lakini hilo ningekusamehe, hukujua. Siri ulijua.

Matron ameniita ofisini kesho. Najua ananiandikia barua gani.

Usiniandikie.

J. Marcelino


Nangara, Babati,
12 Septemba 2024

Mheshimiwa Dokta Edda,

Shikamoo.

Mimi ni Consolata Paskasi wa Babati, uliyenifundisha mwezi wa sita pamoja na Jenipher wa Katesh. Nimefanya jambo ulilotukataza. Karatasi yake iliharibika, nikamnakilia ya kwangu, na amefanya mazoezi ya upande wangu mwezi mzima na zaidi, asubuhi na jioni. Aliponiuliza, nilisisitiza. Aliumia, nami nikamwambia avumilie.

Picha yake ni mwisho wa mwezi huu. Hanijibu tena. Darasani mwalimu akigeuka ubaoni mimi natazama nje, na mama anasema usingizini nahesabu pumzi.

Naomba uniambie ukweli hata kama ni mbaya. Je, nimemharibu?

Mwanafunzi wako,
Consolata


Hospitalini,
18 Septemba 2024

Consolata,

Marahaba mwanangu. Kwanza keti. Najua unasoma barua hii umesimama.

Hujamharibu. Zoezi lisilo la upande wake lilimchosha na kumuumiza misuli, na maumivu hayo yatakwisha akipumzika na kukandwa vizuri. Uti wa mgongo haupindishwi kwa mwezi mmoja na kifuko cha maharage. Ungekuwa mwepesi hivyo, mimi ningekuwa nimeinyoosha migongo yote kabla ya chai. Kinachoupinda kwa watoto wa umri wenu hatukijui vizuri. Si ndoo ya maji, si mkoba wa shule, na si rafiki. Tunajua tu kwamba unakwenda mbio wakati mtoto anarefuka, na mazoezi tunayafanya ili tuupunguzie mwendo. Kuna wanaofanya kila kitu sawasawa na picha bado inazidi. Sikuwaahidi zaidi ya hapo, wala sitaahidi sasa.

Ulichokosea ni kimoja: mtu akisema anaumia, unamwambia asimame, halafu unamwuliza anayejua. Humwambii avumilie. Liandike hilo kwa kalamu yako nyekundu.

Na mimi nilikosea langu. Niliwakalisha mkitazamana kwa sababu mlikuwa mnachekeshana, na mtoto anayecheka anapumua vizuri. Sikuwaeleza kwamba mmepishana. Kwangu lilikuwa wazi mno kiasi kwamba sikuona haja ya kulisema.

Nimekuwekea karatasi mpya ya Jenipher. Jina lake nimeliandika juu kwa herufi kubwa. Ya kwako anaweza asiisome, yangu ataisoma.

Edda


Nangara, Babati,
22 Septemba 2024

Jenipher,

Ulisema nisikuandikie. Ndani ya bahasha kuna karatasi yako kutoka kwa Dokta Edda, sijaongeza wala kunakili neno. Sijui hata kama bado uko shuleni. Mama Alois amesema asipokukuta atauliza nyumbani kwenu.

Siku ya picha yako nitakwenda shule bila sweta. Haisaidii kitu, lakini sitaki uwe peke yako.

C.


Katesh,
6 Oktoba 2024

Conso,

Bado niko shuleni. Kaa chini nikueleze.

Siku ile ya tangazo sikula. Nilipanda kitandani na sweta langu. Rosalia akapanda ngazi, akachungulia, akasema, "Kumbe Sista ulikuwa huendi kusali! Na mimi nimekuomba nyama wiki zote hizo!" Nikamtupia kifuko cha maharage usoni. Akakidaka, akakipapasa, akauliza, "Hiki nacho ni nini?" Nilikuwa na hasira nawe, nikamwambia, "Ni tiba ya mgongo, chukueni, pikeni." Nami nikachana kile cha pili kwa meno.

Wakapika kweli. Walimbembeleza mpishi, akawapa chumvi na kitunguu. Tulikula wasichana wote wa chumba chetu kwa sahani mbili, na kila tonge lilikuja na swali. Unauma? Ulizaliwa nao hivyo? Tuone? Nikavua sweta, nikainama kama Dokta anavyotuinamisha. Rosalia akasema, "Yaani ni hicho tu? Mimi nilidhani una mkia."

Kuhusu matron, sikuwa nimekosea sana. Barua alikuwa ameshaianza. Nilimwambia mazoezi yangu nimeyafanya miezi yote hii kwenye viti vibovu na sijakosa paredi hata moja. Akaikunja, akasema anataka neno la hospitali kwanza. Dokta Edda ameniandikia mistari miwili, na sasa ninapewa ufunguo wa chumba cha wagonjwa kila asubuhi. Barua yake ameiweka kwenye droo. Hajaichana, niliangalia.

Karatasi yangu ilifika siku moja kabla ya picha. Nililalia kushoto mara ya kwanza. Conso, kitu kikafunguka. Rosalia ndiye ananiwekea mkono, wa baridi kama kifuniko cha sufuria, anasema, "Pumulia mkono wangu, usipumulie dari." Simpi raha ya kujua kwamba anasema vizuri.

Sasa picha. Juni nilikuwa nimepinda nyuzi thelathini na moja. Sasa ni thelathini na tatu. Daktari alisema tofauti ndogo hivyo inaweza kuwa ni upimaji tu, na inaweza kuwa kweli, tutajua Machi. Baba akauliza, "Kwa hiyo vyuma, hapana?" Daktari akasema, "Kwa sasa hapana." Baba akauliza tena vilevile, kana kwamba anataka kuligusa lile jibu. Kisha stendi akaninunulia soda mbili, moja mkono huu, nyingine mkono huu, akasema nibebe hivyo nisiegemee. Nilimwambia soda hazihusiki. Akasema nibebe tu.

Hasira nawe bado ninayo, hasa kwa lile neno vumilia. Siri sijui nikuambie nini. Sikutaka itoke, na sasa imetoka, navaa shati tupu na napumua. Usilichukue hilo kama ruhusa ya kuvunja kiapo tena.

Desemba nakuja Nangara. Nataka kuona hao malaika wako wanavyocheza na bega moja chini. Usiwarekebishe kabla sijafika.

Mwambie mama anishonee vifuko vingine viwili. Na aongeze maharage mengine yasiyoshonwa, maana chumba kizima kinaniuliza mgongo wangu utahitaji tiba tena lini.

Jenipher
(wa kushoto)